Namba hujulikana kuwa si tasa hata kabla vigawo vyake havijaonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nirekebishe jambo moja lililochapishwa katika ukurasa wa wanafunzi wa gazeti lako, jambo ambalo msomaji wa kawaida anaweza kulipita lakini ambalo kwa mwanafunzi wa hisabati ni kosa linalomfungia mlango. Makala hiyo ilieleza vizuri maana ya namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ikatoa mifano ya 2, 3, 5, 7 na 11, kisha ikahitimisha kwa kusema kwamba hakuna njia ya kujua kama namba fulani si tasa isipokuwa kukitafuta kigawo chake, yaani namba inayoigawanya bila baki, mpaka kionekane, na kwamba namba kubwa ambayo kigawo chake hakijapatikana huhesabiwa kuwa tasa mpaka atakapotokea mtu wa kukipata. Hayo si kweli. Zipo namba kubwa sana ambazo wanahisabati wanajua, kwa uthibitisho usioacha shaka yoyote, kwamba si tasa, na papo hapo hakuna binadamu aliyewahi kuona hata kigawo kimoja cha namba hizo mbali na 1 na namba zenyewe.

Nimefundisha hisabati katika shule za sekondari za kanda hii ya ziwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nimestaafu, naishi Kirumba. Jioni wajukuu zangu na watoto wa majirani huja barazani na madaftari yao, na mmoja wao, binti wa kidato cha pili, ndiye aliyeniletea gazeti lako akiwa ameipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Aliniuliza, "Babu, kama hakuna aliyekiona hicho kigawo, watu wanajuaje kwamba kipo?" Hilo ndilo swali ambalo makala ilipaswa kulijibu, na kwa kuwa ililipita, naomba nilijibu hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine waliousoma ukurasa ule.

Ninalo debe la vizibo vya soda ambalo nimefundishia miaka mingi. Vizibo 12 hupangika katika safu 3 zenye vizibo 4 kila moja bila kubaki hata kimoja. Vizibo 13 hukataa, kwani ukivipanga kwa safu mbili, tatu au nne, daima kitasalia kizibo cha pembeni, na njia pekee ya kuvipanga sawasawa ni kuviweka vyote katika mstari mmoja. Namba kama 13 ndiyo tunayoiita tasa, na jina hilo wazee wetu wa Kiswahili walilichagua vizuri, kwa sababu namba hiyo haizaliwi kwa kuzidisha namba nyingine ndogo kuliko yenyewe. Zile za namna ya 12 huitwa kwa kukanusha tu, yaani namba zisizo tasa. Kwa namba ndogo, mwandishi wa makala yuko sahihi kwamba njia iliyo rahisi ni kujaribu safu moja baada ya nyingine. Kosa lake ni kudhani kwamba hiyo ndiyo njia pekee.

Chukua 91. Katika kila darasa nililowahi kulifundisha, wanafunzi wengi walisema kwamba ni tasa, na sababu zao zilikuwa za maana: haigawanyiki kwa 2, haiishii na 5 wala 0, na jumla ya tarakimu zake ni 10, ambayo haigawanyiki kwa 3. Sasa tuipime bila kutafuta kigawo. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake tu, alieleza kanuni hii: ukiwa na namba tasa iliyo kubwa kuliko 2, ukachukua 2 na kuipandisha kwenye kipeo kilicho pungufu ya namba hiyo kwa moja, kisha ukagawanya jibu kwa namba hiyo tasa, baki litakuwa 1 daima. Kwa mfano, 2 kipeo cha 6 ni 64, na 64 ukiigawanya kwa 7 unapata 9, baki 1. Kama 91 ni tasa, basi 2 kipeo cha 90 ikigawanywa kwa 91 lazima ibakize 1.

Mtu ataogopa kwamba 2 kipeo cha 90 ni namba ndefu mno, lakini hatuhitaji kuiandika. Tunafuata mabaki tu. 2 kipeo cha 12 ni 4,096, na 91 mara 45 ni 4,095, kwa hiyo baki ni 1. Maana yake ni kwamba kila tunapopanda vipeo 12 tunarudi kwenye baki la 1. Katika 90 mna 12 mara saba, ambazo ni 84, na zinasalia 6, kwa hiyo baki la 2 kipeo cha 90 ni sawasawa na baki la 2 kipeo cha 6, ambalo ni 64. Kanuni ilidai 1, tumepata 64. Basi 91 si tasa, na jambo hilo limekwisha, ijapokuwa katika hesabu yote hatukutaja popote kwamba 91 ni 7 mara 13. Wachuuzi wa dagaa hapa mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, wanaifahamu hali hii vizuri: mizani ikionyesha kwamba gunia limepungua, limepungua, hata kama hakuna anayejua dagaa zilichotwa lini na nani.

Naomba hata hivyo msomaji aangalie kanuni hii inaelekea upande gani, kwa sababu hapa wanafunzi wengi huteleza. Baki lisipokuwa 1, namba hakika si tasa. Baki likiwa 1, bado hatujajua. Namba 341 ni 11 mara 31, lakini ukiipima kwa 2 inabakiza 1 kama vile ni tasa, kwani 2 kipeo cha 10 ni 1,024, na 341 mara 3 ni 1,023. Ipo na 561, ambayo ni 3 mara 11 mara 17, ambayo hukipita kipimo hiki kwa kila namba utakayoipandisha, ilimradi namba hiyo haigawanyiki kwa 3, 11 wala 17. Kipimo cha Fermat kikimtia mtu hatiani hakikosei, lakini hakiwezi peke yake kumwachia huru.

Sasa nije kwenye namba niliyoitaka tangu mwanzo. Mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichunguza namba zinazopatikana kwa kuchukua 2 kwenye kipeo fulani na kutoa 1. Ukiziandika kwa mfumo wa jozi, ule unaotumiwa na kompyuta, ni tarakimu 1 zilizopangwa mstari mmoja, nyingi kama kipeo chenyewe. Hilo peke yake linafundisha kitu, kwa sababu moja 15 zilizo mstarini zinakatika katika mafungu matatu ya tano tano (na moja tano katika mfumo huo ni 31), au matano ya tatu tatu (na moja tatu ni 7), na kwa hiyo 2 kipeo cha 15 ukitoa 1, yaani 32,767, lazima igawanyike kwa 31 na kwa 7. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo si tasa. Kipeo kikiwa tasa, lolote laweza kutokea, na hapo ndipo kazi inapoanza. Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo kwa maoni yake vinazaa namba tasa, na kimojawapo kilikuwa 67. Namba yenyewe ni hii:

147,573,952,589,676,412,927

Ina tarakimu 21. Kwa zaidi ya karne mbili hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama Mersenne alipata au alikosea. Kipimo cha Fermat kwa kutumia 2 hakisaidii hapa, kwa kuwa namba zote za namna hii zenye kipeo tasa hukipita, hata 2,047, ambayo ni 2 kipeo cha 11 ukitoa 1 na ambayo kwa kweli ni 23 mara 89. Ilihitajika mizani nyingine, na aliyeileta ni Mfaransa Édouard Lucas. Mwaka 1876 alithibitisha kwamba namba hiyo ya tarakimu 21 si tasa. Hakutoa kigawo chochote, kwa sababu hakuwa nacho na mbinu yake haikukihitaji.

Mbinu hiyo, kama ilivyonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer miaka ya 1930, mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kwa kalamu. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, chukua baki, na uendelee hivyo hatua ambazo idadi yake ni kipeo ukitoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa, na hapa kipimo ni kamili kwa pande zote mbili. Jaribu 31, ambayo ni 2 kipeo cha 5 ukitoa 1, kwa hatua tatu: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194 ambayo inabakiza 8, na 8 inazaa 62 ambayo inabakiza 0. Namba 31 ni tasa. Jaribu 2,047 kwa hatua tisa, na mabaki yatakuwa 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282 na 1,736. La mwisho si 0, kwa hiyo 2,047 si tasa, na mabaki yote hayo hayakututajia 23 wala 89. Kwa kipeo cha 67 hatua ni 65, kila moja ikiwa na kuzidisha namba ndefu. Ni kazi ngumu kwa mkono, lakini ni kazi yenye mwisho, ambapo kutafuta kigawo kwa kubahatisha kunaweza kumzeesha mtu.

Miaka 27 ilipita kati ya kujua kwamba vigawo vipo na kuviona. Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani uliofanyika New York, Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia alisimama kutoa mada yake kuhusu kugawanya namba kubwa katika vigawo. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alikokotoa ubaoni 2 kipeo cha 67, akatoa 1, kisha akaenda upande wa pili wa ubao akaandika 193,707,721 na chini yake 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono, na majibu mawili yalipolingana akarudi kuketi huku ukumbi ukimpigia makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, inaelezwa alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu.

Binti yule na kaka yake waliirudia hesabu hiyo barazani kwangu katika daftari la miraba. Mara ya kwanza walisahau kubeba moja katikati ya safu, na waligundua kosa kwa njia ya zamani ya kutupa tisa: tarakimu za kigawo cha kwanza zinajumlika kuwa 37, ambayo inashuka hadi 10 na hatimaye 1, za kigawo cha pili zinajumlika kuwa 64, nayo inashuka hadi 1, kwa hiyo jibu nalo lazima lishuke hadi 1, na lao lilikuwa linashuka hadi 9. Walipolisahihisha, tarakimu zote 21 zilikaa mahali pake. Nimewahi kuona watoto wakifurahia mpira, lakini furaha ya jioni ile ilikuwa ya aina nyingine, nami niliishiriki.

Katika vigawo hivyo kuna jambo jingine ambalo makala ingeweza kuwaonyesha wanafunzi. Si kila namba inaruhusiwa kuwa kigawo tasa cha namba hii. Kila kigawo chake tasa kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, lazima kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Angalia basi: 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580, na moja juu yake, na kwa 8 inabakiza 1, mwenzake naye anabakiza 1 kwa 134, na kwa 8 anabakiza 7. Hata anayetumia masharti hayo kupunguza njia bado angekuwa na vigawo vingi mno vya kujaribu kabla ya kufika kwenye kile kidogo, na ndiyo maana Cole alihitaji mbinu nyingine zilizokuwa zikiyabana masharti zaidi na zaidi.

Mtu anaweza kusema kwamba hatimaye vigawo vilionekana, na kwamba muda tu ndio uliokosekana. Basi nimpe namba ambayo muda haujatosha. Chukua 2 kipeo cha 1,277 na utoe 1. Ina tarakimu 385, ambazo zingejaza mistari kama kumi na miwili ya safu moja ya gazeti lako. Imethibitishwa kwamba si tasa, kwani kipimo cha Lucas na Lehmer kwa kompyuta ya leo hukamilika kufumba na kufumbua. Hata hivyo, hadi ninapoandika barua hii hakuna kigawo chake kilichopatikana, ijapokuwa watu wamekitafuta kwa kompyuta nyingi na kwa miaka mingi. Jirani yake, 2 kipeo cha 1,279 ukitoa 1, ni tasa kabisa, na hilo lilijulikana mwaka 1952 kwa hesabu ya Raphael Robinson iliyofanywa na kompyuta ya Los Angeles. Kwa maelezo ya makala yenu, namba hizi mbili zingewekwa katika kapu moja, na mwanafunzi angefundishwa kwamba zote ni tasa. Moja ni tasa na nyingine si tasa, na tofauti hiyo haitegemei nani amechoka kutafuta.

Kuhusu manufaa, ambayo wazazi huuliza kwanza, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman huko Marekani walibuni kufuli ya siri iitwayo RSA, ambayo hadi leo inalinda mawasiliano mengi ya intaneti, na ufunguo wake wa wazi una namba kubwa ambayo kila mtu anajua kuwa ni zao la namba tasa mbili. Mwaka huohuo walitoa hadharani namba ya tarakimu 129 ili watu wajaribu kuigawanya, nayo ilidumu hadi 1994, ilipofunguliwa na watu wa kujitolea wapatao 600 walioziunganisha kompyuta zao. Namba nyingine ya tarakimu 250, ya mashindano ya baadaye ya namna hiyo, ilifunguliwa mwaka 2020. Zinazotumika sana sasa zina tarakimu 617. Usalama wote huo umesimama juu ya pengo lilelile ambalo makala yenu imelikana, pengo kati ya kujua kwamba namba ina vigawo na kuvijua vigawo vyenyewe.

Na ili wanafunzi wasidhani kwamba mambo haya ni ya wazee wa Ulaya tu, mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, walitoa kwa mara ya kwanza njia inayoamua kwa uhakika kama namba yoyote ni tasa au si tasa, huku muda wake ukikua taratibu kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Wawili kati yao ndio kwanza walikuwa wamemaliza shahada ya kwanza. Njia yao nayo, ikishasema kwamba namba si tasa, haikupi vigawo vyake, na hadi leo hakuna aliyechapisha njia ya haraka ya namna hiyo ya kuvipata kwa kompyuta za kawaida.

Ninachokuomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba ukurasa wa wanafunzi utoe masahihisho, na utoe pamoja nayo hesabu ambayo msomaji ataifanya mwenyewe kwa kalamu, kwa sababu mwanafunzi hatakiwi kuniamini mimi wala gazeti. Nafasi ikiwa finyu, ile ya 91 inatosha. Binti ameuweka ukurasa wenu ndani ya daftari lake, na ameacha nafasi wazi pembeni ya ile sentensi aliyoipigia mstari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Kirumba, Mwanza